Tarehe 10 peke yake haitoshi

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi kutoka Nagoya. Sisi wazima, natumai nanyi hamjambo. Tiketi uliyonitumia jana nimeiona, ndiyo maana nakuandikia mbio: unafika mji wa Takayama asubuhi ya tarehe 10 Oktoba, jioni unaondoka. Badilisha, tafadhali! Sikukuu ya Takayama ya vuli ni siku mbili, 9 na 10, na usiku wa taa ni wa tarehe 9 tu.

Usiku huo yatai zote 11, yale magari marefu ya mbao, huvutwa polepole kwenye mitaa ya kale, kila moja ina fanusi za karatasi kama 100. Simama kwenye kona, uangalie chini. Magurudumu makubwa hayapindi, kwa hiyo wanatoa gurudumu la tano, dogo, lililofichwa chini, na gari zima linageuka kwa kulitegemea hilo. Wengi hawalioni, macho yote yako juu kwenye taa.

Wanasesere wanaochezeshwa kwa nyuzi wako kwenye yatai moja tu, Hotei-tai, mbele ya hekalu la Sakurayama Hachiman. Watoto wawili wa mbao wanarukaruka kwenye bembea mpaka wanatua mabegani mwa Hotei, yule mungu mnene wa bahati. Watu 8 wamejificha ndani, wanavuta nyuzi 36. Wahi mapema, la sivyo utaona visogo vya watu.

Halafu mvua. Ikinyesha, hata manyunyu, yatai hazitoki: rangi ya urushi (ile ya utomvu wa mti), dhahabu na mapazia ya darizi, vyote vya zamani, haviwezi kulowa. Zinabaki kwenye maghala yao yenye milango mirefu. Sasa wewe mwenye siku moja, ikinyesha hiyo hiyo? Ukiwa na mbili, angalau una pa kushika.

Vyumba Takayama huisha miezi kabla. Ukikosa, tafuta Gero au Toyama, treni zipo, ila tazama ya mwisho ya usiku inaondoka saa ngapi kabla hujalipa. Na koti zito, maana huko ni milimani, si Tanga.

Tiketi inabadilishika bila faini? Mwanaidi bado anakuja, au ndiyo yale yale ya mwaka jana? Mnataka chumba kimoja au viwili? Nijibu leo, nianze kupiga simu.

Wako,
Saumu