Tuliohama hema tukahamia Kosta hatujalikimbia pori

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba watu wanaokwenda kulala pwani au milimani ndani ya magari yenye vitanda na majiko, kwa maoni yake, hawajatoka nyumbani, na kwamba mpenda pori wa kweli ni yule anayelala hemani. Simfahamu na sina ugomvi naye, lakini nahisi hajawahi kuamka saa nane usiku, akiwa na umri wa miaka 64, akaikumbatia nguzo ya hema kwa mikono miwili ili upepo usiondoke nayo.

Mimi nililala hemani kwa kazi kabla sijalala humo kwa hiari. Nilikuwa mpima ardhi, na kwa miaka mingi hema la turubai ndilo lililokuwa makazi yangu kila nilipopelekwa Handeni, Kilindi na kwingineko. Hema lile likilowa lilitaka watu wanne kulibeba, na lilikuwa na miiko yake ambayo kijana mpya aliifundishwa siku ya kwanza: usiguse turubai kwa ndani mvua inaponyesha, maana pale ulipogusa ndipo maji yatakapopenya mpaka asubuhi, usilikunje likiwa na unyevu, maana litaota ukungu na kuoza, na mfereji wa kulizunguka uchimbwe kabla ya wingu kutanda, si baada yake. Nilipooa, niliendeleza mazoea hayo na familia. Tulikwenda Saadani tangu kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, tukapanda Lushoto miezi ya Juni na Julai, wakati baridi humfanya mtu wa Tanga mjini alale na koti, na watoto walijifunza kupigilia vigingi kabla hawajajua kusoma.

Usiku ulionihamisha ulikuwa wa mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, tulipokuwa tumevuka kwa kivuko kutoka Pangani mjini hadi upande wa Bweni. Watoto walikuwa wamekwisha kuwa na nyumba zao. Tulibaki mimi na mama watoto. Mchangani kigingi hakishiki, na wenye uzoefu hufunga kamba kwenye mifuko iliyojazwa mchanga na kufukiwa. Mimi, kwa kiburi cha mtu aliyelala hemani maisha yake yote, niliona urefu wa vigingi vyangu unatosha. Ulipovuma upepo wa kusi viling'oka kimoja baada ya kingine kama meno ya mtoto. Mwenzangu alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, amelisimamisha godoro ili lisilowe, asiseme neno mpaka kulipopambazuka, na hapo ndipo aliponiambia, kwa upole ulionitisha kuliko upepo: "Baba watoto, safari nyingine hili hema utakwenda nalo peke yako."

Sikwenda peke yangu. Nilinunua Kosta chakavu iliyokuwa daladala, nikaipeleka kwa fundi wa hapa Tanga ambaye hakuwa amewahi kutengeneza gari la kulala, lakini alikuwa amewahi kutengeneza jahazi, na kwa kweli kazi hizo mbili ni ndugu. Viti viling'olewa, vikabaki viwili vya mbele. Kitanda cha plaiwudi kilijengwa kwa nyuma kikiwa na masanduku chini yake. Tangi la maji la lita 100 aliliweka chini katikati ya magurudumu na si mkiani, kwa sababu maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 100, na uzito mkiani hulifanya gari liyumbe kwenye kona za kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ulipata kabati lake lenye tundu sakafuni, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Jiko la mkaa tulilipiga marufuku kuingia ndani, hata usiku wa baridi, na nawasihi wenye magari ya namna hii wafanye hivyo hivyo, maana mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala hapati onyo. Jambo moja tu lilitushinda: mstari wa rangi ya daladala ubavuni tulichelewa kuufuta, na mpaka leo tukipita barabara ya Pangani watu hutupungia mkono wakitaka kupanda. Mara mbili nimesimama nikawachukua, bila nauli, kina mama wenye ndoo za samaki. Harufu ilikaa wiki nzima.

Sitamficha msomaji mwenzangu kasoro za gari. Mchana wa kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, bati lake huwa kikaango, ilhali hema chini ya mwembe hupitisha hewa pande zote. Na hapo ndipo lilipo fumbo ambalo mwenye hema halijui: paneli ya umeme wa jua iliyo juu ya paa inataka jua, na mtu aliye chini yake anataka kivuli. Ukiegesha kivulini unalala vizuri mchana, lakini usiku feni inazima. Ukiegesha juani betri inajaa, ila wewe unaiva. Tumezoea kuegesha mahali ambapo jua la asubuhi hufika na la alasiri huzuiwa na mti, na kumpata mti wa namna hiyo ni upimaji wa ardhi wa aina yake. Kuhusu sauti za pori namkubalia moja kwa moja. Saadani, hemani, nilimsikia fisi akinusa sufuria. Ndani ya Kosta tuliamka tukakuta nyayo zake tu mchangani, akiwa amekwisha kupita na kwenda zake.

Lakini kusema kwamba starehe hii ni uvivu wa kizazi cha leo si kweli. Huko Uingereza, mwaka 1885, Gordon Stables, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini, aliagiza atengenezewe nyumba ya magurudumu iliyovutwa na farasi wawili, akazunguka nayo nchi kwa matembezi tu, tena akiwa na mtumishi na mwendesha farasi. Sisi tuna mtungi wa kilo 6 na feni. Na kuna hesabu rahisi zaidi ambayo msomaji huyo hakuipiga: tangu usiku ule wa Bweni tumelala nje ya nyumba yetu mara nyingi kuliko miaka kumi ya mwisho ya hema, kwa sababu magoti yetu hayaulizwi tena kama yako tayari kuinama.

Ninalolitaka hasa, Ndugu Mhariri, ni mahali pa kuegesha. Hema halidhuru ufukwe kama gari linavyoweza kuudhuru. Kwenye fukwe za Pangani kasa hupanda kutaga, na gurudumu linalopita juu ya mchanga huo linaweza kukandamiza mayai asiyoyaona dereva, wakati taa za gari usiku huwapoteza vifaranga wanaotafuta bahari. Kwa hiyo naziomba halmashauri zetu na wenye maeneo ya kambi kati ya Tanga na Pangani watenge sehemu nyuma ya minazi, mbali na mchanga wa ufukweni, yenye ardhi ngumu, bomba moja la maji, na shimo la kumwagia maji machafu na uchafu wa vyoo vya magari, tulipie kwa usiku. Kiwanja cha mita 40 kwa 30 kinatosha magari manane yenye ukubwa wa Kosta pamoja na njia ya kugeuzia, na yeyote atakayekubali kukitoa, mimi niko tayari kuja kumpimia bila malipo.

Wako,
Mpima ardhi mstaafu,
Raskazone, Tanga