Barua ya wazi kwa vijana mnaowaandikia watoto: mwacheni binti amalize safari yake

Kamwene wanangu,

Nawaandikia nyinyi vijana wa Iringa, Mbeya, Njombe na Songwe mlioamua kuwatungia watoto hadithi za safari za ajabu, zile ambazo msichana mdogo anavuka misitu, anazungumza na wanyama na kupambana na mazimwi. Miswada yenu mingi nimeisoma. Mingine mmeniletea nyumbani, mingine nimeisikia ikisomwa mbele ya watoto. Kipaji mnacho, hilo silibishi. Lakini nina dukuduku, na nimeona nilitoe hadharani ili kila mmoja wenu alisikie kwa wakati mmoja.

Jumamosi moja kijana mwenzenu aliwasomea hadithi yake watoto wa darasa la tatu na la nne. Binti wa hadithi ana miaka 13. Kijiji kimekauka, mama yake yu kitandani, naye anatoka usiku na kibuyu kitupu na viazi viwili vya kuchemsha kwenda kuitafuta chemchemi iliyofichwa na zimwi. Alivuka mto wenye mamba. Alimlaghai nyoka mwenye vichwa saba kwa kuvigombanisha vichwa vyenyewe kwa vyenyewe, na hapo watoto walishangilia mpaka msomaji akalazimika kusubiri. Hata watukutu wa nyuma walikuwa wametulia tuli. Kisha tukafika ukurasa wa mwisho. Zimwi linamkamata binti, binti anazimia, na ghafla anatokea mwana wa mfalme juu ya farasi mweupe, mtu ambaye hatujamsikia tangu hadithi ianze. Analikata zimwi kichwa, anamwamsha binti, wanaoana. Msichana mmoja aliyekaa karibu nami akamgeukia mwenzake: "Sasa yeye alienda kufanya nini?"

Naomba mlichukue swali hilo mlale nalo. Alienda kufanya nini? Kama shujaa ni yule wa farasi, basi zile kurasa zote za mwanzo zilikuwa za kumpotezea mtoto muda. Na msidhani ni hadithi hiyo peke yake. Katika miswada niliyoisoma, binti ananyang'anywa ushindi wake kwa kila njia. Huyu kaokolewa na baba yake aliyekuwa akimfuata kimyakimya. Yule kaokolewa na kaka mdogo ambaye hapo mwanzo alikuwa analia kwa woga. Mwingine kapewa pete na mganga, pete ndiyo imefanya kila kitu. Na wapo wanaomaliza kwa "kumbe alikuwa anaota", mwisho ambao huwa unanikera kuliko yote, kwa sababu unamwambia mtoto kwamba ule ujasiri wote aliouamini haukuwapo kabisa.

Hamkujifunza haya kwa bibi zenu. Mkumbukeni Sungura. Jioni tukiitikia "hadithi njoo" tulikuwa tunamsubiri yeye, kiumbe mdogo, asiye na meno ya kutisha wala kucha. Ananaswa mara ngapi? Simba anamshika, Fisi anamfungia, wenye shamba wanamtega. Je, mmewahi kusikia mtu amekuja kumwokoa Sungura? Haji mtu. Anajitoa kwa ulimi wake na akili yake, na ndiyo maana watoto wa kila kizazi wanampenda. Basi nijibuni: mbona mnamnyima binti kile ambacho Sungura amepewa siku zote?

Wala msiniambie kwamba binti jasiri ni jambo la kuazima ng'ambo. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga viongozi wa vita vya Majimaji, mmoja wao alikuwa mwanamke, Nduna Mkomanile. Watoto wetu wanapita darasa baada ya darasa bila kulisikia jina hilo, halafu mtu ananiambia msichana anayeongoza wengine "hauziki".

Na sasa niseme juu ya hiyo ndoa ya ukurasa wa mwisho, maana inanichoma. Binti wa miaka 13! Nchi hii bado ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 mzazi akiridhia. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo na kuelekeza umri uwe miaka 18 kwa wote. Wakati majaji wameshasema, wewe mwandishi kijana, uliyesoma mpaka chuo, unamwoza mtoto kwenye kitabu chenye picha za rangi na kukiita zawadi. Unampa nani zawadi hiyo? Mpe binti wako chemchemi. Mpe njia ya kurudi nyumbani na kibuyu kilichojaa. Harusi mwachieni akikua.

Nina sababu nyingine ya kuwa mkali, nayo ni ya huku kwetu hasa. Nendeni stendi ya Igumbilo alfajiri, wakati mabasi ya Dar es Salaam yanapakia. Mtamwona. Ana mfuko wa salfeti uliofungwa kwa kamba ya katani, kitenge cha mama yake mabegani kwa sababu ya baridi, na mkononi kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara nne. Humo imeandikwa namba ya simu ya mtu anayeitwa "anti". Anakwenda kuwa dada wa kazi. Mikoa yetu imejulikana nchi nzima kwa kuwatoa mabinti hawa, na tumelizoea hilo mpaka hatuoni haya. Huyo mtoto anaianza safari ya kweli yenye mito na mazimwi yake, na hakuna farasi mweupe atakayetokea Mbagala wala Tabata. Kama kuna kitu kimoja hadithi ingeweza kumtilia kwenye ule mfuko, ni kumbukumbu ya binti mwingine aliyeuliza maswali kabla ya kuingia ndani, aliyekariri njia, aliyejua kusema hapana na kumtambua mwema hata akiwa amevaa sura ya kutisha. Hayo ndiyo mnayoyatupa mnapomzimisha shujaa wenu dakika ya mwisho.

Nawapenda, ndiyo maana nasema hivi.

Sasa wanyama. Nao nina lalamiko juu yao, kwa sababu wameingia kwenye hadithi zenu kama watu waliovalishwa manyoya. Fisi anaongea, simba anaongea, lakini ukiwabadilishia majina hakuna kinachoharibika. Nimekutana na dubu wa theluji kwenye hadithi inayotokea Makete. Kwani Makete imekosa baridi, kule ambako Juni na Julai sakitu inaunguza majani ya viazi? Baridi ipo, wanyama wapo, ila hamjawaangalia.

Muangalieni fisi. Sisi tulirithi Fisi dume, mlafi, mpumbavu. Lakini kundi la fisi wenye madoa, hawa walioko Ruaha, linaongozwa na jike. Majike ni wakubwa kuliko madume, na mtoto wa kike anarithi cheo cha mama yake. Hebu fikirini binti wenu amepotea usiku akakutana na malkia huyo, naye ana sababu zake za kumsaidia na sababu zake za kumla. Mazungumzo hayo mtoto hatayasahau. Tembo nao vilevile, anayejua maji yalipo wakati wa kiangazi ni bibi wa kundi.

Kisha kuna kipunji. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja kima huyu kabla wataalamu hawajamwamini. Walimwona mwaka 2003, wakamtangaza duniani mwaka 2005, na mwaka 2006 wakakuta anastahili kuwekwa katika jenasi yake peke yake, yaani ukoo usio na kima mwingine, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima yeyote wa Afrika aliye hai tangu 1923. Uso wake ni mweusi, ana kishungi kichwani, manyoya marefu ya kuhimili baridi ya mlimani, na mlio wake ni wa kubweka kwa sauti nzito ya chini. Yuko Rungwe na Kitulo na msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, basi; duniani kote hayupo kwingine. Hiki ni kiumbe ambacho wakubwa walikataa kwamba kipo! Mpeni kinywa azungumze na msichana ambaye naye watu wazima hawamsikilizi. Hadithi imeshaanza hapo, mnangoja nini?

Na kwa yule aliyeniuliza kama mnyama kuongea na mtu "si uongo wa kupitiliza", nenda kamsome mlembe, yule ndege anayewaongoza warina asali. Anapiga kelele kumwita mtu, anaruka mti hadi mti mpaka kwenye nyuki, mtu anapasua mzinga, ndege anakula nta. Wahadza wanamwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wanamwita kwa kutetemesha ulimi na kumalizia na mguno. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba ndege wa kila moja ya sehemu hizo mbili huitikia zaidi wito wa watu wa sehemu hiyo kuliko wito wa wageni. Mnyama wa porini amejifunza sauti ya jirani zake. Sasa binti aliyefundishwa na babu yake mluzi wa mlembe, akasahau kumwachia ndege fungu lake la nta, si amekwisha kujitia matatani? Na atatoka kwa kulipa deni lile mwenyewe.

Nasisitiza "mwenyewe" kwa sababu mnyama naye anaweza kuwa mwana wa mfalme kwa mlango wa nyuma. Akimbeba binti mgongoni, akamvusha, akamuulia zimwi, akamrudisha nyumbani, mmerudi kulekule. Mnyama ampe anachokijua yeye, binti ndiye aamue akitumieje.

Maadui msihangaike kuwaotesha pembe. Kule Kitulo, tunakokuita Bustani ya Mungu, hifadhi tangu 2005, viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa na kupakiwa kwenye magunia kuvushwa Zambia vikapikwe chakula cha huko kiitwacho chikanda, mpaka maua yakaanza kuadimika. Mtu mwenye jembe na gunia usiku, akiondoka na bustani kidogo kidogo, anatosha kumtisha mtoto yeyote, na anatosha kumfanya mtoto ajiulize huyo mtu ana watoto wangapi nyumbani na wamekula nini.

Mahali pia mnapo. Ziwa Ngosi ndani ya kreta yake. Daraja la Mungu juu ya Kiwira. Nguzo za udongo za Isimila, ambako wachimbaji wa mabaki walipata mifupa ya kiboko wa kale ambaye macho yake yalisimama juu kabisa ya kichwa. Mahandaki ya reli ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako. Sitaeleza zaidi, pandeni basi mkaone.

Mengine nayataja tu. Andikeni sentensi ambazo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzisoma kwa pumzi moja. Msieleze funzo mwishoni, mtoto si mjinga. Wekeni vichekesho. Wekeni njaa na usingizi, mashujaa wenu hawali kamwe. Mchoraji alipwe, na aambiwe kwamba binti wa Kihehe au wa Kinyakyusa hana nywele za kupepea. Mhariri akikata, msinune.

Kwenu wazazi na walimu mtakaosoma barua hii ya watoto wenu: nyinyi nanyi mnahusika. Januari orodha ya mahitaji ina sare, madaftari, fagio na jembe, na kitabu cha hadithi hakimo. Nimeingia shule yenye kabati la vitabu lililofungwa kwa kufuli, kwa sababu "watoto watavichafua". Kitabu cha mtoto kisichochafuka hakijasomwa. Fungueni makabati. Na nyie akina baba, mkimkuta binti anasoma, msimtume dukani kwa sababu tu ameonekana amekaa. Kaka yake aliyeko mbele ya televisheni ana miguu pia.

Vijana wangu, kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji, wasomeeni watoto mkaishie pale zimwi linapomshika binti. Fungeni daftari. Waulizeni atatokaje, na muandike kila jibu, hata lile la kipuuzi. Watoto wa Ipogolo, wa Tukuyu na wa Makete watawapa majibu tofauti, kwa sababu kila mmoja anatoka kwenye mto wake na msitu wake. Mtakuta wachache sana wanaomwita mwana wa mfalme; wengi watamwambia binti ang'ate, adanganye, aimbe, ajifanye amekufa, alirushie zimwi pilipili. Chagueni mojawapo muandike ukurasa wenu wa mwisho upya, kisha mniletee. Jumamosi mchana nipo nyumbani, na mwenye mswada hapigi hodi mara mbili.

Ni mimi bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Kihesa, Iringa