Valentine chekechea: watoto waujue moyo wenyewe, chokleti zibaki dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hili suala la Valentine kwenye shule za chekechea na madarasa ya awali, maana kila mwaka ikishaingia Februari magrupu ya wazazi ya WhatsApp yanawaka moto, shule imetuma ujumbe mtoto aje na nguo nyekundu, aje na chokleti ya kumpa mwenzake, wengine wanaambiwa wachangie keki, na mama ambaye hana tisheti nyekundu ya mtoto inabidi akaitafute mtumbani jioni jioni hata kama hela ya mboga ndo hiyo hiyo. Upande mwingine kuna wazazi wanasema mtoto wa miaka minne anafundishwaje mambo ya wapenzi, dini yetu haituruhusu, siku hiyo mwanangu abaki nyumbani. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo na wote hao nawaelewa kabisa, kwa sababu wanalalamikia kitu cha kweli: siku nzima ya shule inaishia kwenye sukari na kupiga picha, mtoto anarudi nyumbani hajajifunza chochote.

Ila kufuta siku yenyewe kimya kimya naona sio dawa. Mtoto ana macho. Anapita dukani anaona makopa mekundu yamening'inia mlangoni, anaona dada yake kabeba ua, kesho yake anakuja darasani anauliza hilo kopa ni nini na kwa nini kila kitu chekundu leo. Mtoto wa umri huo akiuliza ujue mlango umeshafunguka, na mwalimu mwenye akili anaingia humo humo na somo. Kwa hiyo ninachosema ni kwamba wiki hiyo tuigeuze iwe wiki ya moyo na rangi nyekundu, tufanye sayansi ndogo ndogo za jikoni, na mambo ya wapenzi tuwaachie wakubwa. Hakuna mzazi wa dini yoyote atakayekataa mwanae ajue moyo unafanya kazi gani.

Tuanze na moyo wenyewe. Waambie watoto wakunje ngumi, kila mmoja aiangalie ya kwake, halafu waambie moyo wako una ukubwa kama huo, upo kifuani katikati umeegemea kidogo kushoto. Watacheka, watalinganisha ngumi na mwalimu, na hapo tayari wamejifunza kupima kikubwa na kidogo. Halafu chukua manila au hata kalenda ya zamani, ikunje iwe bomba, upande mmoja uweke kifuani kwa mtoto na upande mwingine mwenzake aweke sikio. Hivi ndivyo kifaa cha daktari kilivyoanza, mwaka 1816 pale Paris daktari Mfaransa aitwaye Laennec aliona aibu kumwekea sikio kifuani mgonjwa ambaye alikuwa mwanamke kijana, akakunja karatasi ikawa bomba, akashangaa anasikia moyo vizuri kuliko alivyozoea. Watoto waambiwe hiyo hadithi jamani, wanaipenda sana, na inawaonyesha kwamba karatasi tu mkononi mwa mtu anayefikiri inaweza kuwa kifaa cha hospitali.

Wakishasikia du-du, du-du, wapeleke nje waruke ruke kidogo alafu wasikilize tena. Hapo utaona macho yanavyowatoka. Usihangaike kuwahesabisha mapigo ya dakika nzima, mtoto wa miaka minne au mitano moyo wake ukiwa ametulia unapiga kama mara 80 mpaka 120 kwa dakika na yeye bado anasuasua kwenye 20, wewe piga kofi la kuanza, kila akisikia pigo anaweka kizibo kimoja cha soda chini, ukipiga kofi la pili anaacha. Afanye hivyo kabla ya kuruka na baada ya kuruka, halafu walinganishe mistari miwili ya vizibo, upi mrefu. Kuna hesabu humo, kuna sayansi, kuna mazoezi ya mwili, na hujatumia hata shilingi mia.

Alafu swali litakuja, moyo unapiga piga nini? Chukua chupa laini ya maji, toboa kizibo chake, jaza maji uliyotia rangi nyekundu, mtoto aiminye na maji yaruke. Mwambie moyo ndo unaminya hivyo damu iende kichwani, mikononi, mpaka kwenye vidole vya miguu. Mwache aminye mpaka mkono uchoke, kisha umwambie wa kwako haujawahi kuacha tangu hujazaliwa, hata ukilala unaminya tu. Wanakaa kimya wakisikia hilo, wengine wanashika kifua kuhakikisha.

Hapa naomba niseme kitu ambacho kinanigusa sana, nacho kinawahusu walimu wenzangu. Watoto wakiruka ruka, waangalie. Yule anayechoka haraka kupita wenzake kila mara, anayechuchumaa chini akikimbia kidogo, anayekuwa na midomo ya bluu, usimwite mvivu, ongea na mzazi wake apelekwe hospitali apimwe, kuna watoto wanazaliwa na tundu au kasoro kwenye moyo na siku hizi wanatibiwa hapa hapa nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili inawafanyia watoto upasuaji. Na mtoto mwenye maumivu ya koo na homa msimpe maji ya uvuguvugu tu mkasema itapita, kuna maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria ambayo yasipotibiwa vizuri yanaweza kuja kuharibu valvu za moyo, na wanaopatwa zaidi ni watoto kuanzia umri wa miaka mitano hivi na kuendelea. Wiki ya makopa ni wiki nzuri sana ya kuwaambia wazazi hayo, maana ndo wiki ambayo kila mtu anasoma meseji za shule.

Turudi kwenye rangi. Nunua choya kavu sokoni, wengine wanaiita rozela, ichemshe, acha ipoe, utapata maji mekundu mazuri sana. Gawa kwenye vikombe vitatu vya kuonea ndani. Kimoja kiache. Cha pili kamulia ndimu, nyekundu inazidi kung'aa. Cha tatu tia magadi kidogo kidogo, rangi inahama inakuwa ya zambarau, ukizidisha inaenda kwenye kijani-bluu kama matope ya ziwani. Watoto watapiga kelele, waache. Wakishatulia kamulia ndimu humo humo kwenye cha magadi, povu linapanda na wekundu unaanza kurudi. Sababu ni kwamba ndani ya choya kuna rangi ya mmea ambayo inabadilika ikikutana na kitu kichachu kama ndimu au kitu cha upande wa pili kama magadi, na lile povu ni hewa inayotoka vikikutana viwili hivyo. Kwa watoto huna haja ya kusema majina makubwa, sema tu uchachu unaipeleka rangi huku na magadi yanairudisha kule, kisha waulize maji ya majivu yatafanya nini, waseme wenyewe kwanza kabla hujatia. Hicho cha kusema kwanza ndo sayansi yenyewe, mtoto anabashiri, anajaribu, anaona kama ni kweli. Walimu wengi tunakimbilia kuwaambia jibu na tunawaibia utamu wote.

Na kwa kuwa magadi yapo mezani waambieni yanatoka wapi, sio kiwandani tu, Ziwa Natron huku kwetu na Ziwa Magadi kwa majirani zetu Kenya. Natron ndo sehemu kuu wanapozalia wale heroe wadogo wa Afrika Mashariki, ndege wenye rangi ya waridi, na vifaranga wao wanazaliwa wa kijivu wanakuja kupata wekundu kwa kile wanachokula, viumbe vidogo vidogo vya majini vyenye rangi. Kama unatafuta kitu chekundu cha kumfundishia mtoto wa Kitanzania Februari, huyo ndege anatosha kipindi kizima na ni wa kwetu.

Maua nayo msiyaache. Yale mawaridi mekundu wanayopeana Ulaya siku hiyo mengi yanatoka Kenya, mashamba yanayozunguka Ziwa Naivasha, hata Arusha kwetu yanalimwa maua ya kusafirishwa. Yanakatwa, yanawekwa kwenye vyumba vya baridi, yanapandishwa ndege Nairobi yanafika Uholanzi bado mabichi. Mwulize mtoto kwa nini yanawekwa kwenye baridi. Halafu mchume maua matatu ya uani ya aina moja, moja mliache bila maji, la pili kwenye maji kivulini, la tatu kwenye maji juani, na kila baada ya kipindi mnaenda kuyachungulia lipi limenyauka kwanza. Hakuna gharama, ila mwalimu uwe na subira maana watataka kwenda kuchungulia kila dakika.

Kuna jingine nalipenda kuliko yote. Nunua chainizi, ile yenye shina jeupe nene, kata kitako chake kidogo na usimamishe jani kwenye glasi ya maji yenye rangi nyekundu ya keki, rangi iwe nzito. Kesho yake asubuhi mishipa ya lile jani imekuwa myekundu. Lipasue shina mbele ya watoto waone vitundu vyekundu vilivyopandisha maji. Ukifanya hili siku moja baada ya somo la moyo kuna mtoto lazima atauliza, sasa mwalimu mchicha nao una moyo? Hilo swali hata mtu mzima hajawahi kujiuliza. Jibu ni kwamba hauna, majani yanapoteza maji yakigongwa na jua na upepo, na maji ya chini yanavutwa juu kujaza pengo. Mtoto akiondoka na hilo tu mimi nimeridhika.

Kukunja karatasi na kukata kopa walimu wengi mnajua, ila wafundisheni kwamba unakata nusu tu na ukifungua unapata mbili zinazofanana, hiyo ni hesabu. Magazeti ya zamani yanatosha, gundi ya unga wa ngano inatosha, na rangi nyekundu ukichanganya na nyeupe wataona pinki inazaliwa.

Tahadhari sasa, hapa sibembelezi mtu. Maharage, karanga na shanga msiwape watoto wadogo kuhesabia bila mtu wa kuwaangalia, vinaishia puani na masikioni. Pipi ngumu na vipande vya puto vinakaba koo, kwenye darasa la watoto wa miaka mitatu puto nasema liondoke kabisa. Magadi wasilambe na yasiingie machoni, mwalimu ndo anayatia. Na lile bomba la karatasi lisitumbukizwe ndani ya sikio, linagusa nje tu.

Najua wenzangu wa shule za serikali mtasema mwalimu mmoja, watoto mia, atafanyaje hayo. Ni kweli, ni kazi, na idadi hiyo sio haki kwa mwalimu wala kwa mtoto, wanaohusika na ajira za walimu wa awali waliangalie hilo. Ila jaribio la choya linafanywa mezani mara moja wote wakiwa wamekaa duara, la chainizi linakaa dirishani kila mtu anapita kuangalia, na la moyo wanafanyiana wenyewe wawili wawili. Sera ya elimu inaitambua elimu ya awali kama sehemu ya mfumo rasmi wa elimu, na mtoto huyu anajifunza kwa kushika, kunusa na kuuliza, sio kwa kukaririshwa a e i o u kutoka asubuhi mpaka uji.

Wenye shule binafsi nao nawaomba, ile meseji ya mwaka huu ibadilisheni. Badala ya nguo nyekundu na chokleti andikeni: kila mtoto aje na vizibo kumi, chupa tupu moja, ndimu moja. Hata mzazi mwenye hali ngumu kabisa ataweza, na hakuna mtoto atakayekaa pembeni siku hiyo akiangalia wenzake wanapeana zawadi yeye hana. Huwa inaniuma sana kuona hilo, mtoto wa miaka mitano anajua kabisa kwamba yeye hajapewa kitu.

Na kwako Mhariri, ombi langu ni moja. Wiki moja kabla ya tarehe 14 tupeni nusu ukurasa wa watoto, mchoro wa nusu kopa la kukata na maelezo ya majaribio mawili matatu kwa Kiswahili chepesi, ili hata bibi anayebaki na mjukuu nyumbani aweze kufanya naye. Kama mtahitaji mwalimu wa kuandika hayo maelezo mimi nipo tayari kuyaandika bila malipo.

Mwalimu wa awali,
Morogoro