Risala ya Wakazi wa Kando ya Ziwa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Ilemela, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu, Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa mitaa, wazee wetu, wavuvi, akina mama wa dagaa, mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi juani. Kikundi chetu huzibua mitaro na kuzoa taka ufukweni. Taarifa ya kazi hiyo tumekukabidhi kwa maandishi. Leo tuna jambo moja tu: ujenzi.

Mheshimiwa, Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha kimo cha maji kilichoko Jinja, Uganda, likavuka rekodi ya mwaka 1964. Watu wengi wa mwambao, Kenya, Uganda na huku kwetu, walihama. Maji yaliporudi nyuma, wajenzi nao wakarudi. Kiwanja cha nyumba moja sasa kina nyumba tatu, choo cha huyu kimegusana na jiko la yule. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka kwenye mawe ya milimani hayana pa kupita ila vyumbani mwetu. Njia ya kutokea ni moja, na gari la zimamoto haliingii.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tatizo letu kubwa linaanzia mita ya 61, ambako kujenga ni ruksa na hakuna anayehesabu nyumba.

Wapo waliohesabu. Visiwa vya Florida Keys, Marekani, hupigwa na vimbunga, na barabara kuu ya kutokea ni moja, inapita juu ya madaraja. Mwaka 1992 kaunti ya Monroe iliweka kikomo cha vibali vya nyumba mpya kwa mwaka, ikitazama muda wa kuwahamisha watu. Kwa miaka mingi kipimo cha kuwahamisha wakazi kilikuwa saa 24, na mwaka 2025 kikaongezwa kuwa saa 24 na nusu. Kimbunga Irma kilipotua Cudjoe Key tarehe 10 Septemba 2017, amri ya kuhama ilikuwa imetoka siku kadhaa kabla. Ziwa letu halina vimbunga vya namna hiyo, ila hesabu ya watu na njia ni ileile. Lakini huko nyumba zimekuwa ghali mno, mfanyakazi wa kawaida anahangaika kupata pa kupanga. Ndiyo maana sisi tunaomba zuio la muda.

Tunaiomba Halmashauri isitishe kwa mwaka mmoja vibali vya nyumba mpya na umegaji wa viwanja kati ya ziwa na barabara kuu, wakati maofisa mipango miji wanapima mitaro na kufungua njia ya pili. Tarehe ya mwisho iandikwe kwenye tangazo. Zuio lisilo na tarehe huzaa ujenzi wa usiku. Anayeezeka upya au kuchimba choo asizuiwe, wala mtu asivunjiwe nyumba kwa kisingizio hiki. Na mwenye hoteli asubiri sawasawa na mama wa dagaa anayetaka kuongeza chumba cha kupangisha.

Wamo wanachama wetu ambao wameshanunua tofali na saruji. Tumebishana nao sana na hawajakubali wote. Tunaomba kabla hujaondoka uwasikilize na wao, wamekaa mstari wa nyuma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.