Panya wa kufuga, na saa zako za kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme neno kuhusu panya wa kufuga, kwa kuwa tangu ndugu zangu wa Morogoro waone picha za wale wawili wa binti yangu hapa Leicester, wamegawanyika: wengine wananicheka kwamba nimevuka bahari kuja kulisha panya, na wengine, hasa vijana, wanauliza watawapata wapi. Hao wa pili ndio ninaowaandikia.

Kwanza niondoe mkanganyiko. Panya anayefugwa huku ni wa ukoo wa panya wa kahawia wa mijini, aliyezalishwa vizazi kwa vizazi hadi akawa mpole. Si panya buku kama Magawa, aliyefunzwa Morogoro na shirika la APOPO, akanusa mabomu ya ardhini nchini Kambodia na kutunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Panya buku huweza kuzidi kilo moja, na wale wa kazi hufundishwa na wataalamu tangu wakiwa wadogo. Kumweka katika chumba cha kupanga kwa sababu ya sifa za Magawa ni kujitafutia taabu.

Huyu mdogo ni mwerevu na anapendeza, sibishi, lakini la kujiuliza ni kama siku yako ina nafasi yake. Hafugwi mmoja, maana upweke humdhoofisha. Unaanza na wawili wa jinsia moja, kwa sababu mimba yao ni ya wiki tatu tu na watoto huweza kupevuka wakiwa na wiki tano au sita. Kila siku wanahitaji angalau saa moja nje ya tundu, na huchangamka jioni na usiku. Mimi hufanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, nikadhani ratiba zetu zitapatana. Kumbe wao wakiamka ndipo nami ninapofunga mlango kwenda kazini, na kazi yote ikamwangukia mtoto wa miaka 11.

Kifua ndicho udhaifu wao mkubwa. Tundu lisiposafishwa, harufu ya mkojo huwaumiza mapafu, na hata maranda ya msonobari yanayotandikwa tunduni huweza kuwadhuru. Asubuhi moja nilimkuta mmoja ana wekundu machoni na puani, nikawa namfuta kwa pamba huku mikono ikitetemeka, nikijua ni damu. Daktari wa wanyama alinieleza kuwa ni ute tu wenye rangi hiyo, ambao huzidi mnyama anapougua au anapokosa utulivu. Malipo ya kumwona yalizidi bei niliyowanunulia wote wawili.

Kwa walioko nyumbani kuna la ziada: chakula cha tunduni huwavuta panya wa darini, na mkojo wa panya huweza kuambukiza homa ya mgunda, ile iliyoleta taharuki Lindi mwaka 2022. Kama unasikia mbio juu ya dari usiku, ahirisha.

Jambo ambalo sikulifikiria kabisa ni likizo. Tulipokuja Tanzania kwa wiki tano, Watanzania wenzangu wa hapa, watu ambao wangemlea mwanangu bila kuuliza hata siku ngapi, walikataa mmoja mmoja. "Dada, niletee hata mbuzi," alisema mmojawao. Nikalipa mtu wa kuwatunza.

Umri wao ni miaka miwili hadi mitatu. Mmoja amekufa mwezi uliopita kwa uvimbe wa matiti, na aliyebaki hujikunyata pembeni mwa tundu, chakula anakigusa tu. Nikimnunulia mwenzake mchanga, huyu mzee atatangulia, na yule naye atahitaji mwenzake, hivyo hivyo bila kikomo. Tumekubaliana aende kwa familia moja ya mtaa wa pili yenye panya watatu, ambako baba mwenye nyumba hufanyia kazi zake nyumbani. Binti yangu ataruhusiwa kumtembelea Jumamosi.

Msomaji wako,
Leicester, Uingereza