Barua ya Wazi kwa Mthamini Mkuu wa Majengo

Ndugu Mthamini Mkuu,

Yah: Rufaa dhidi ya thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi ya majengo

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekata rufaa kupinga thamani ambayo ofisi yako imeipa nyumba yangu, na rufaa hiyo itasikilizwa kwa utaratibu wake. Siandiki ili uniamulie pembeni. Naandika waziwazi kwa sababu kilichonikwamisha kinawakwamisha wenye nyumba wengi: notisi inataja thamani na siku ya mwisho ya kuweka pingamizi, lakini haielezi thamani hiyo imepatikanaje.

Sipingi kiwango cha kodi, wala silalamikii uthamini wa jumla, yaani kukadiria nyumba nyingi kwa pamoja bila kukagua kila moja, maana hakuna ofisi inayoweza kumtuma mtu akague kila chumba cha kila nyumba. Ila njia hiyo hupimwa kwa makundi. Viwango vya IAAO, jumuiya ya kimataifa ya wathamini wa kodi, vinataka uwiano wa thamani zilizokadiriwa kwa bei za mauzo, ule unaoangukia katikati nyumba zikipangwa kwa mfuatano, uwe kati ya asilimia 90 na 110, na eneo zima laweza kufaulu kipimo hicho huku nyumba mojamoja zikiwa zimekadiriwa mbali kabisa na bei yake. Rufaa ndiyo mahali pa kurekebisha thamani ya nyumba hiyo moja, nayo haiwezi kufanya kazi hiyo iwapo mwenye nyumba anabishana na tarakimu tupu.

Chukua kadi ya kumbukumbu ya nyumba yangu, ambamo ofisi yako huandika vipimo na hali ya jengo, niliyoipata baada ya kuiomba kwa maandishi. Veranda isiyo na ukuta imejumlishwa katika eneo la sakafu kana kwamba ni sebule. Stoo isiyo na dirisha imeandikwa chumba cha kulala. Na hali ya jengo imeandikwa "nzuri" ilhali paa linavuja na ufa wa ukuta wa nyuma unapitisha kidole. Kati ya nyumba zilizouzwa ambazo yangu ililinganishwa nazo ili kupata thamani yake, moja ilikuwa imekarabatiwa upya, na nyingine iliuzwa muda mrefu baada ya tarehe ya uthamini bila bei yake kurekebishwa. Mwenye kadi na utepe wa kupimia huyaona hayo mara moja. Bila kadi ningebaki kusema kwamba jirani analipa kidogo, hoja ambayo baraza la rufaa, kwa haki kabisa, lingenitaka niithibitishe.

Kwa hiyo naomba kadi hiyo, pamoja na orodha ya mauzo yaliyotumika, iambatishwe kwenye kila notisi, na siku za kukata rufaa zihesabiwe tangu mwenye nyumba alipoipokea. Makosa ya vipimo yasahihishwe mezani kwa afisa, bila kungoja kikao. Na aliyelipa sehemu asiyoibishia asitozwe faini kwa sehemu iliyobaki hadi uamuzi utolewe.

Wako,
Mwenye nyumba aliyekata rufaa