Tuleteeni chupa, mapera tunayo

Mhariri habari za kazi, mimi ni bibi wa hapa Tabora mjini, Isevya, naomba nafasi kidogo. Kila mwaka nasikia eti matunda yanaoza Tabora sababu hatuna kiwanda, sawa kiwanda kije hata kesho sikatai, ila mapera yangu hayamsubiri mwekezaji, mipera mitatu ya uani ikianza kuachia ni ndoo kwa ndoo, majirani wamechoka kupewa na kuku wenyewe wanayapita tu.

Mwaka huu nikaamua kupika jeli. Siyo jemu jamani, jemu unapika na nyama ya tunda, jeli ni maji yake tu. Unakatakata mapera, unachanganya na yale hayajaiva sawasawa maana ndo yana pektini nyingi ya kugandisha, unatia maji yafunike, unachemsha mpaka yalainike kisha unafunga kwenye kitambaa cheupe unaning'iniza usiku kucha yadondoke yenyewe. Hapo usiguse! Mara ya kwanza mjukuu wangu kaamka kaona kitambaa bado kizito, kakikamua kwa mikono miwili eti anamsaidia bibi, jeli ikatoka imevurugika kama maji ya mtaro. Tamu lakini, tuliila na mihogo ikaisha.

Juisi kikombe sukari kikombe, ndimu kidogo, sufuria iwe kubwa maana inafura. Kujua imefika dondosha tone kwenye kisosi cha baridi, subiri kidogo, sukuma na kidole, ikikunjamana epua. Mara ya pili nilinogewa na stori za jirani ikapitiliza ikawa gundi. Ya tatu ndo yenyewe, nyekundu, ukiinyanyua dirishani unaona mpaka nje.

Sasa kilio changu ni chupa. Jeli inamiminwa ya moto kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa dakika 10, na mfuniko uwe unabana. Nimezunguka siku nzima kila duka naoneshwa makopo ya plastiki ya asali, nikajaribu moja likajikunja mbele ya macho yangu. Duka moja wakasema za kioo zipo Dar, kwa katoni, usafiri juu yangu. Nikaishia kuomba chupa za siagi ya karanga kwa watu, mifuniko mingine ina kutu, nne zikaota ukungu nikamwaga na sukari yangu yote ile, iliniuma sana.

Wafanyabiashara wetu mnaoleta makopo ya asali, leteni na chupa ndogo za kioo na mifuniko yake, tuuzieni hata tano tano. Na nyie mhariri badala ya kutuwekea picha za maembe yaliyooza tuulizieni SIDO mkoani, lile shirika la viwanda vidogo, kama wanaweza kukusanya oda zetu akina mama ziagizwe kwa pamoja, mi hela natanguliza. Fanyeni haraka tu, mipera imeshaanza maua.

Bibi wa mapera,
Isevya, Tabora